Pampu Iliyoundwa Ifunguliwe

Chini ya pampu ya maji ya gari la spoti la MGB, upande unaotazama barabara, kuna kitundu kidogo kisicho na kifuniko wala bomba. Kazi yake ni kuvuja. Maji yakianza kudondoka hapo, waliounda gari wanakupa taarifa kwamba sili ya ndani imechoka, na kwamba una muda kidogo wa kuifungua pampu kabla maji hayajaifikia beringi. Nimeona magari ya kale yaliyopakwa rangi kwa gharama ya kutisha, viti vya ngozi mpya, kromu inayoumiza macho, na kitundu hicho kimezibwa kwa gundi ya chuma. Kimoja kilizibwa kwa skrubu isiyoshika kutu, tena imesuguliwa mpaka inang'aa.

Aliyeziba aliona maji, akazuia maji. Huwezi kumlaumu sana. Lakini maji hayakuacha kupenya kwenye sili. Sasa yanabaki ndani, yanaosha grisi ya beringi, yanaleta kutu, na siku moja, mara nyingi gari likiwa kwenye mteremko wa Mai Mahiu na wala si mlangoni mwa gereji, shafti inaanza kuyumba. Kwenye MGB nyingi feni imefungwa kwenye shafti hiyohiyo. Shafti ikiyumba vya kutosha, mapanga ya feni yanaifikia rejeta. Bei ya sili moja imezaa bei ya rejeta, pampu, mkanda na gari la kuvuta.

Nina jambo moja la kusema wiki hii. Pampu ya gari la spoti la zamani ifunguliwe, itengenezwe upya, irudi mahali pake. Isizibwe, na isitupwe kabla mtu hajaiona ndani. Sisemi hivyo kwa kupenda makuukuu. Wako wengi wa kuyapenda kuliko mimi. Nasema kwa sababu pampu ile iliundwa kwa nia ya kufunguliwa, na mtu akiacha kufungua kilichoundwa kifunguliwe, baada ya muda hakuna anayejua tena kilichomo.

Nachukua MGB kwa makusudi. Mashabiki wa Safari Rally wangetaka nizungumzie Datsun 240Z, na wana haki: hilo ndilo gari la spoti lililoshinda mbio zetu mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ila pampu ya Datsun hiyo ina mwili wa alumini, na vitabu vya huduma vya ukoo wake wa injini vinamwambia fundi abadilishe pampu nzima. Wenye Porsche 911 nao wasicheke mapema. Gari lao lilipozwa kwa hewa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo katika mjadala huu hawana hata pampu ya kuleta mezani.

MGB ilianza kuuzwa mwaka 1962 na ilitengenezwa mjini Abingdon, karibu na Oxford, hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Zilitoka zaidi ya nusu milioni, idadi kubwa mno kwa gari la spoti. Siri ya wingi huo haikuwa mwendo wake. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ilikuwa ya ukoo mmoja na injini za Austin Cambridge na Morris Oxford, magari ya familia, ya mwalimu mkuu na daktari wa wilaya, yaliyouzwa kila mahali Waingereza walipokuwa na ofisi. India waliichukua Morris Oxford wakaiita Hindustan Ambassador, na Ambassador ikaendelea kuundwa hadi 2014. Kwa maneno mengine, kijana aliyenunua MGB nyekundu ya wazi ili aonekane alikuwa amenunua injini ambayo fundi yeyote wa Austin angeitengeneza huku anapiga soga. Pampu yake ya maji ilikuwa ya jamaa hiyohiyo: chuma cha kusubu, shafti moja, beringi moja, sili moja, impela moja. Hapakuwa na kitu cha kuficha.

Kazi ya pampu yenyewe ni rahisi kueleza. Mkanda unatoka kwenye puli ya kranki, unazungusha puli ya pampu, na ndani impela yenye mapezi inayatupa maji pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Maji yaliyopoa yanavutwa kutoka chini ya rejeta, yanasukumwa kwenye bloku, yanapanda kwenye silinda hedi ambako moto ni mkali zaidi, yanapita themostati na kurudi juu ya rejeta. Kuna magari yaliyoishi bila pampu kabisa. Ford Model T ya 1908 ilianza nayo, lakini baada ya magari kama 2,500 ya kwanza kampuni ikaiondoa na kuyaacha maji yajiendee yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Ziliuzwa zaidi ya milioni 15 na dunia haikukwama. Lakini injini ndogo inayokimbia kwa mizunguko 5,000 kwa dakika haiwezi kusubiri maji yajisikie kupanda.

Tatizo zima la pampu liko katika nukta moja. Shafti inayozunguka lazima itoke kwenye maji na kuingia mahali pakavu. Mpaka huo unalindwa na sili, na sili ya pampu ya maji haifanani na zile za oili zenye mdomo wa mpira. Ni pete ya kaboni iliyosukumwa na springi, inayosuguana na uso laini unaozunguka. Katikati ya nyuso hizo mbili kuna utando mwembamba wa maji, na utando huo ndio unaolainisha msuguano. Ndiyo maana kuwasha injini isiyo na maji "kidogo tu, tuone kama inashika" ni kuiua sili mpya ndani ya muda mfupi sana. Kaboni inapata joto, inachubuka, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Sasa tuifungue. Rejeta hutolewa kwanza ili mkono upate nafasi, kisha mkanda, feni na puli, halafu bolti za pampu. Hadi hapo hata mwanagenzi ataweza. Mambo yanaanza pampu ikishakuwa kwenye meza.

Juu ya mwili wa pampu ya MGB kuna tundu jingine, na ndani yake kuna ncha ya waya. Waya huo umezunguka ndani ya mfereji na ndio unaoizuia beringi isitembee. Asiyeujua huiweka pampu kwenye presi, akakandamiza, akaona haitoki, akaongeza nguvu, na mwili wa chuma cha kusubu ukapasuka kwa sauti ambayo gereji nzima inaisikia. Anayeujua anachukua koleo ya mdomo mwembamba, anauvuta waya polepole, na beringi inatoka na shafti yake pamoja na impela kwa kusukumwa kuelekea nyuma. Tofauti ya watu hawa wawili haihusiani na nguvu wala akili. Mmoja alisoma kitabu au alisimama karibu na aliyekisoma. Maarifa ya namna hii hayakai kwenye intaneti tu. Hukaa mikononi, na hukaa pale mradi kuna pampu za kufungua.

Kabla ya hapo kitovu cha feni kimevutwa kwa pula. Nasisitiza pula. Nyundo ina nafasi yake duniani, lakini si kwenye kipande cha chuma kinachovunjika kabla hakijapinda. Na kitovu kikitoka kwa urahisi, kwa mkono, usifurahi: hicho kimelegea na hakifai tena. Kuna wanaokitia alama za patasi ndani ili kibane, kuna wanaokipiga kulehemu. Kitovu hicho kinabeba feni inayozunguka nyuma ya rejeta, na mbele yake kuna watu. Kitafutwe kingine.

Mwili ukiwa mtupu, ndipo mtu anapoamua kama pampu inastahili kuishi. Angalia mahali sili inapokaa. Kutu ikiwa imekula mashimo hapo, fundi wa kuchonga vyuma anaweza kupasawazisha kwenye mashine yake, mradi chuma kimebaki cha kutosha. Uso wa gasketi uusugue juu ya kioo kilichobandikwa msasa uone kama umepinda. Masikio ya bolti yachunguzwe nyufa. Impela ya chuma ikiwa imeliwa kingo na kubaki na tundutundu, hiyo ni alama ya viputo vya mvuke vinavyozaliwa na kupasuka juu ya chuma, mara nyingi kwa sababu mfumo ulikuwa hauna presha au umejaa maji matupu. Kuna miili ya pampu iliyokwisha. Imegeuka ramani ya kutu na hakuna dawa. Itupwe, bila matanga. Ninachokataa ni hukumu inayotolewa kabla ya ushahidi.

Beringi ya pampu ni kitu cha pekee. Shafti yenyewe ndiyo njia ya ndani ya gololi, kwa hiyo shafti na beringi hununuliwa kama kipande kimoja. Kwenye pampu za awali zenye plagi ya grisi, beringi ina tundu ambalo ni lazima lilingane na tundu la grisi la mwili. Ukilikosa kwa robo ya mzunguko, grisi yote utakayosukuma miaka ijayo itaishia ukutani. Mwili ukipashwa ndani ya maji ya moto, beringi huingia bila ugomvi. Kisha waya unarudi mahali pake. Sili inaingizwa kwa bomba linalogusa ukingo wa nje tu, na uso wa kaboni hauguswi kwa kidole kilichotoka kwenye grisi.

Halafu inakuja impela, na hapa ndipo namtambua fundi. Impela ikikandamizwa kwenye shafti, kati ya mapezi yake na mwili wa pampu lazima ibaki nafasi ya takriban nusu milimita hadi robo tatu ya milimita. Ikikaribia mno, itakwaruza chuma siku shafti itakapopata joto. Ikikaa mbali mno, itayakoroga maji badala ya kuyasukuma, na gari litaonekana zima barabarani na kuchemka kwenye foleni ya Waiyaki Way, mwenye gari akibadilisha themostati, kifuniko na rejeta bila kupata jibu. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji ya vibapa. Inachukua dakika moja. Nimewauliza mafundi wengi kama huipima, na jibu la uaminifu zaidi nililopata lilitoka kwa kijana mmoja: "Mzee, hiyo hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Ninamwamini. Sisi wenye magari huuliza bei na saa ya kuchukua gari.

Sasa upande wa pili, maana hoja ya "nunua mpya" haina upuuzi. Pampu mpya ya MGB bado inapatikana. Uingereza kuna biashara nzima ya spea za magari hayo, na tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatengeneza hata mabodi mapya ya MGB kwa mitambo ya awali. Pampu mpya inaweza kuagizwa ikafika Nairobi kabla hujapata shafti yenye kipimo sahihi. Ukijumlisha beringi, sili, gasketi na ujira, akiba inaweza kuwa ndogo au isiwepo. Na kama gari lako ni matatu inayoondoka stejini saa kumi na moja alfajiri, nakubali kabisa: funga pampu mpya, nenda kazini.

Lakini mpya maana yake nini? MGB ilibadilika mara kadhaa katika miaka yake 18, na pampu zake zina urefu tofauti. Isiyo yako inaweza kufunga vizuri kwenye bolti zote, kisha ikaiweka feni karibu na rejeta kuliko inavyotakiwa, au ikaupinda mkanda kidogo usionekane kwa jicho, ukawa unaivuta beringi kando kila mzunguko. Kuna pampu za bei nafuu zenye impela ya bati lililokunjwa badala ya chuma cha kusubu. Kuna zinazofika na nafasi ya impela ambayo haikupimwa na mtu. Kwa hiyo hata anayenunua mpya anahitaji mtu wa kuigeuza, kuitazama ndani na kuipima kabla haijafungwa. Anamhitaji yule yule fundi ambaye kila mtu aliyenunua mpya anamnyima kazi.

Huo ndio mduara unaonikera. Ustadi wa kufungua unalishwa na vitu vya kufunguliwa. Mteja akiacha kuleta, fundi anaacha kujua, na siku mteja akiletewa pampu mbovu ndani ya boksi zuri hakuna wa kumwambia.

Tangu 1970, chama cha wenye Alfa Romeo nchini Kenya kimekuwa kikiandaa mashindano ya Concours d'Elegance, na umma wa Nairobi umezoea kuuona uwanja wa mbio za farasi wa Ngong ukijaa magari na pikipiki zilizosuguliwa. Ninalipenda tamasha hilo. Majaji wanajitahidi, huinama, hutazama injini, hutafuta kutu chini ya gari. Lakini watazamaji wanapiga picha rangi, na mwenye gari anajua hivyo, na fedha zake zinafuata kamera. Ningependa kuona meza moja tu pale uwanjani, yenye pampu iliyokatwa ubavu, na fundi amesimama nyuma yake akijibu maswali ya watoto. Pangejaa kuliko kwenye Mercedes.

Sasa maji, kwa sababu mtu anaweza kuitengeneza pampu kwa usahihi wa saa ya mkononi kisha akaiua kwa jagi. Huku kwetu hoja ya kwanza dhidi ya kulanti ni kwamba hatuna barafu. Ni kweli, na haihusiani. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na injini ya MGB ni chuma, rejeta yake ni shaba iliyounganishwa kwa risasi, na metali tofauti zikikaa pamoja kwenye maji ya moto huanza kulana. Kutu inayobanduka kwenye bloku huwa mchanga mwekundu unaozunguka ndani ya mfumo, na mchanga huo hupita kwenye uso wa kaboni kila mzunguko. Maji ya kisima ya Mombasa au Dar es Salaam yenye chumvi na chokaa hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Chokaa inaganda kwenye sili, kisha sili inashindwa kukaa sawa. Asiye na fedha za maji yaliyosafishwa akinge ya mvua, yenye chokaa kidogo kuliko ya kisima, achanganye na kulanti nusu kwa nusu. Wenye magari ya kale wengi Uingereza hushikilia kulanti ya aina ya zamani na kuziogopa zile mpya za asidi ogani kwa ajili ya rejeta zilizounganishwa kwa risasi. Ukaidi wao una sababu.

Kisha kuna jambo la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ndani ya sufuria iliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi kama 94. Themostati ya kawaida ya MGB hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Pengo ni jembamba. Kinacholipanua ni presha ya mfumo, yaani kile kifuniko cha rejeta ambacho mtu amekibadilisha na kilichopatikana, cha gari jingine, chenye mpira uliokauka. Kifuniko kibovu kinafanya maji yachemke mapema, viputo vinaitafuna impela, na lawama inaangukia pampu. Kuitoa themostati, ambayo ni dini ya gereji nyingi kuanzia hapa hadi Kampala, hakuongezi presha hata chembe. Kunaifanya injini ichelewe kupata joto lake, oili inakaa na unyevu, silinda zinalika. "Gari la nchi ya joto halihitaji themostati" ni sentensi ambayo ningeifuta kwenye kuta zote kama ningepewa rangi.

Na mkanda. Upande wake mrefu ukiubonyeza kwa kidole gumba, uingie kama milimita 13. Wengi huukaza mpaka ulie, wakidhani wanaisaidia pampu, kumbe wanaibebesha beringi mzigo wa kando mchana na usiku. Pampu nyingi zinazoitwa mbovu ni pampu zilizonyongwa.

Nimesikia pia hoja kwamba yote haya ni mchezo wa wazee, kwani magari yanayokuja sasa yana pampu bora. Ni bora kweli. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009, haina mkanda wa vifaa kabisa. Pampu yake ni ya umeme, na kompyuta huiamuru izunguke kadiri injini inavyohitaji. Pampu ya MGB inafuata mwendo wa injini kama ilivyo, kwa hiyo gari likiwa limesimama kwenye foleni juani, wakati maji yanahitajika sana, ndipo yanapozunguka taratibu zaidi. Kiufundi hakuna mashindano. BMW nao walihamia pampu za umeme kwenye injini zao za katikati ya miaka ya 2000, na mafuta yakaokolewa.

Ila pampu ya namna hiyo ni mota, sakiti na plastiki ndani ya gamba moja. Ikifa, imekufa. Fundi wa Gikomba ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, ambaye angeweza kuokoa pampu ya Austin kwa pula na kipande cha bomba, hapo kazi yake ni kufungua bolti, kutoa boksi na kufunga boksi. Marekani, wapigakura wa jimbo la Massachusetts walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari wawape mafundi huru taarifa za ukarabati, wakaipanua 2020. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria yake ya haki ya kukarabati mwaka 2024, ikilenga zaidi friji, mashine za kufulia na simu. Naziheshimu sheria hizo. Lakini sheria inaweza kukupa kitabu na bei ya spea. Haiwezi kukuwekea bolti mahali ambapo mhandisi aliamua kuyeyusha plastiki. Uamuzi wa nani atakayesema kitu kimekufa, muuzaji au mwenye pula, hufanyika kwenye meza ya mchoro, miaka mingi kabla gari halijashuka melini Mombasa.

Waliochora pampu ya MGB hawakuwa watakatifu. Waliishi katika nchi iliyotoka vitani, chuma kilikuwa ghali na kazi ya mikono rahisi, na kuunda kitu kinachofunguka kulikuwa hesabu ya kawaida. Hesabu hiyo ya Uingereza ya wakati ule ndiyo hesabu ya Kenya na Tanzania ya leo. Kazi ya mikono bado tunayo, fedha za kigeni hatuna. Kwa hiyo ninapoona vyuo vyetu vya ufundi vikimfundisha mwanafunzi kuchomeka kompyuta ya kusoma makosa, jambo jema, na kumruhusu ahitimu bila kuwahi kukandamiza beringi kwenye shafti, naona tumenunua nusu ya elimu. Pampu kuukuu hazigharimu kitu. Ziko mapipani nyuma ya kila gereji. Mpe kila mwanafunzi moja, mwambie aifungue, aipime, aeleze ilikufaje, aifunge tena. Pampu ya Morris inatosha, ya Land Rover inatosha, hata ya pikipiki yenye rejeta.

Kwa mwenye MGB, Triumph au Jaguar aliyefika hadi hapa, kazi ni nyepesi kuliko inavyosikika. Usiende duka la spea ukataja jina la gari, maana utaambiwa hakuna. Nenda duka la beringi ukiwa na ile ya zamani mkononi na venia: urefu wa shafti, unene wake pande zote mbili, kipenyo cha nje. Beringi za pampu zilitengenezwa kwa vipimo vinavyojirudia kwenye magari, matrekta na pampu za mashambani, na muuzaji mzoefu ataangalia vipimo, hatauliza gari. Sili vivyo hivyo. Kama hakuna inayolingana kabisa, hapo ndipo fundi wa kuchonga anapoingia, na kazi yake ni ya kuongeza au kupunguza kidogo, haifiki hata nusu siku.

Mlipe kwa saa zake. Mafundi wengi watauficha ujira ndani ya bei ya spea kwa sababu tumewazoesha kwamba tunalipia kitu tunachokiona. Mwombe aandike kazi kando na spea kando, na ukubali kwamba mstari wa kazi unaweza kuwa mrefu kuliko wa spea. Kabla hajaifunga pampu, simama naye aweke geji kati ya impela na mwili, akusomee kipimo. Jaza maji kabla ya kuwasha, legeza paipu ya juu ili hewa itoke. Na kwenye daftari la gari andika namba ya beringi, vipimo vya sili, nafasi ya impela na tarehe.